Vibao Viwili vya Injini ya Baba

Mimi si mtu wa mashetani na mizimu. Nasema mapema, kwa sababu dada zangu wakisimulia habari hii huitia chumvi mpaka naona aibu. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Tororo. Kazi yangu ni kompyuta na milimita, na hasira zangu mtaa mzima unazijua.

Baba yangu alikuwa mtunza moto kwenye injini za reli za zama za mvuke, zile ndefu zenye matangi mbele na nyuma. Walichoma mafuta mazito, si makaa, na kila baada ya mwendo fulani alirusha kopo la mchanga motoni ili mabomba yajisugue masizi. Sasa macho yake yamekufa kwa presha. Tangu tumzike Mama alikuwa amekaa tu kwenye kiti chake. Chakula anakisukuma, salamu anaitikia nusu. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa. Lakini mimi niliuona ugonjwa wake: alikuwa anaondoka kidogo kidogo, mchana kweupe, mbele yangu, na sikuwa tayari. Mama alitosha.

Siku moja, ili tu aseme neno, nikamuuliza injini yake ilikuwa na urefu gani. Akainua mikono, akaitandaza hewani kama anayepima.

"Leta karatasi," akasema.

Nikaona hapo hapo nimepata kamba ya kumshikia. Nitamtengenezea injini ndogo ya mbao, urefu wa mkono wangu, aione kwa vidole, apate sababu ya kubaki. Tulichora majuma matatu. Yeye alipima hewani, mimi nikageuza kuwa milimita. Kila kipande nilikikata kwanza kwa kadibodi, nikampa akikague.

"Kosa hili," anasema. "Mlango wa moto uko chini zaidi. Unafika hapa." Anagusa goti lake. Basi nachora upya.

Mashine ya leza niliyoelekezwa iko Busia, upande wa Kenya, dukani kwa mama mmoja wa makamo, mcheshi kweli. Anakata plaiwudi na plastiki. Ila ukuta wake mzima ni marehemu: vibao vya kupigilia kwenye misalaba, jina, tarehe ya kuzaliwa, kistari, tarehe ya pili. Vingine vilikuwa na vumbi.

"Hao hawakuja kuchukuliwa," aliniambia, utadhani wamekaa pale kwenye benchi. "Siwezi kuwatupa. Nikiwatupa, wataenda wapi?"

Sikupenda neno hilo. Nilifungua kompyuta tukazungumza kazi. Alinifundisha kwamba leza inakula, inachukua upana wa nywele mbili kila inapopita, kwa hiyo nikichora tundu sawa na kipini chake, vitacheza. Nikarekebisha palepale. Akasema vipande atavikata lakini ataviacha vimeshikwa kwenye ubao wake kwa vishikizo vidogo visidondokee ndani ya mashine, nitavitoa mwenyewe nyumbani. Mwisho nikaongeza vibao viwili vya ubavuni, kulia na kushoto, vyenye jina la Baba na tarehe aliyoajiriwa, niliyoitoa kwenye kadi yake ya kazi.

Jumanne nilirudi kuchukua. Nilikagua magurudumu, tangi, paa. Kazi safi. Kisha nikaona kibao. Jina la Baba. Tarehe yake. Kistari. Na tarehe nyingine, ya Jumamosi iliyokuwa inakuja.

"Hii nini?"

"Si nilikusaidia!" akasema. "Uliandika tarehe moja tu. Nikakupigia simu, haukushika. Nikasema, huyu mama ana msiba, kichwa yake haiko sawa. Siku ya kufa sikuijua, nikaweka ya mazishi. Hiyo haikosi, watu huzika Jumamosi."

"Baba yangu yuko hai!"

Nikakigonga kile kibao kwa kidole. "Na sisi ni Waislamu," nikasema. "Mtu wetu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika. Jumamosi zenu zinatuhusu nini?"

"Jina niliona ni la Kiislamu," akajibu polepole. "Ndio maana sikuweka msalaba."

Siku nyingine ningecheka. Aliniomba radhi mara kumi, akaapa atakata vingine kufikia Ijumaa. Lakini nilipomsukumia ubao ule wenye makosa, alirudi nyuma.

"Hapana, mama. Huyo usiniachie hapa." Akautazama ukuta wake.

Nilifika nyumbani damu ikichemka. Nikakivunja kile kibao kutoka kwenye ubao, nikakitupa kwenye makaa ya sigiri. Kiliwaka polepole, na herufi zikabaki nyekundu baada ya mbao kugeuka majivu. Nikasema astaghfirullah, nikaosha mikono, nikajua yamekwisha.

Jioni ile nikamwekea Baba mezani ule ubao wenye vipande vyote. Kingo zilizokatwa na leza huwa nyeusi, zimeungua, na dakika chache tu vidole vyake vilikuwa vimejaa masizi. Akavinusa. Akatabasamu! Tangu Mama aondoke sikuwahi kuliona jino lake.

"Hizi zimetoka motoni," akasema.

Akakataa nisimsaidie kuvitoa vipande kwenye ubao. Alivitoa kimoja kimoja kwa ukucha wa dole gumba, mimi nikapaka gundi mahali anaponionyesha. Na alikula. Wallahi, alikula! Asubuhi uji na chapati mbili, mchana wali, jioni anauliza kuna nini tena. Kila asubuhi redio ikishatangaza tarehe, ananiuliza, "Leo tarehe ngapi?" Namwambia. Anatikisa kichwa, anaendelea na kazi. Aliniomba nilipige brashi koti lake la reli. Alimwita jirani waliyenuniana naye kwa sababu ya mpaka wa migomba, wakasameheana, jirani akatoka analia. Nikawapigia simu dada zangu nikawaambia Baba amerudi, nimemrudisha mimi.

Nilikuwa nimejitayarishia uongo kwa siku atakayouliza vibao viko wapi. Hakuuliza. Ijumaa nilivuka Busia nikavichukua vile vipya, nikavitia mkobani, nikasema kesho nitamshtua navyo.

Jumamosi asubuhi nilimkuta barazani. Ameoga, amevaa kanzu nyeupe na kofia, na juu yake koti la reli limefungwa vifungo vyote. Injini iko mapajani. Nilimjia kwa upande wa kulia, ambako injini haikuwa na kibao. Nilipozunguka kushoto, nikakiona kibao chenye ile Jumamosi.

Kilikuwa kimegandishwa, sawa kabisa, mahali pake.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kwenye ubao. Injini ina mbavu mbili, binti yangu. Kimoja kilishatolewa, hiki kilikuwa bado kimeshikwa." Akapitisha kidole juu ya tarehe ile, polepole. "Nimeshukuru sana. Mama yako hakuambiwa siku yake. Mimi nimeambiwa, na nafasi ya kujitayarisha nimepewa."

Kumbe kwa hasira nilikuwa nimechoma kimoja tu. Nilifoka. Nilimweleza yote, duka, ukuta, simu ambayo sikushika, Wakristo na Jumamosi zao. Nilimwambia siku ya mtu anaijua Mungu, si fundi wa Busia. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mgeni.

"Sawa," akasema. Hakuinuka.

Nikakaa chini pembeni yake, nikamshika kifundo cha mkono, kidole changu juu ya mshipa. Nilikaa hivyo mpaka mchana. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani wanacheza, kila kitu cha kawaida, na mimi nahesabu mapigo ya baba yangu. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Muda mfupi baadaye treni ya mizigo ilipiga honi upande wa stesheni, na Baba akanyooka. Uso wote uligeukia sauti ile. Akaikumbatia injini, akavuta miguu chini ya kiti, kama mtu anayetaka kuinuka. Mkono wake ulipoa ghafla ndani ya wangu. Nikaukamata ukosi wa koti lake kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele, "Baba!" Honi ikapiga tena, mbali zaidi. Ikapotea. Alishusha pumzi, akaegemea tena kiti.

Magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa nacheka na kulia. "Umeona? Jumamosi imekwisha. Yule mama alikosea tu."

"Imechelewa," akasema.

"Nini imechelewa, Baba? Haipo!"

"Treni ikifutwa, mkuu wa stesheni hutoka nje akatangaza. Umesikia mtu ametangaza?"

Nikamletea wali, akala akamaliza sahani. Ndipo nilipoelewa kwa nini wiki nzima ile alikuwa akila: msafiri haondoki na njaa.

Vile vibao vipya bado vimo mkobani mwangu. Jumamosi iliyofuata aliomba tena kanzu na koti, nikakataa. Alisukuma chakula siku tatu mfululizo, mpaka nikasalimu amri. Tangu hapo kila Ijumaa napiga pasi kanzu mwenyewe, na Jumamosi namfungia vifungo vya koti, kimoja kimoja, namwekea injini mapajani, naketi pembeni yake. Anakula vizuri. Honi ikilia stesheni, yeye hunyooka, na mimi naushika ukosi wake.