Doti ya Sampuli

Wajukuu zangu wakisikia nguo za madukani zimeteremshwa bei, hukimbia wakidhani mchezo huo wameuanza wao. Bibi yao alisukumana katika bohari la Changamwe kabla ya uhuru, na hakutoka mikono mitupu.

Palikuwa na Mhindi mwenye kuagiza leso. Mchoro ulichorwa kwake, ukapelekwa ng'ambo kiwandani, na kiwanda kikamletea kwanza vipande vichache vya sampuli atazame rangi na pindo. Akipenda, ndipo leso zilipopigwa chapa kwa wingi. Sampuli zilirundikana boharini, na siku akichoka nazo huziuza chee. Hatangazi. Habari ilitembea yenyewe visimani, ikatufikia Mikindani.

Dada yangu alikuwa aolewe Ijumaa ile. Wakwe walikuwa watu wa kisiwani, na walituona sisi wa bara kama tunaojifunga magunia. Leso za mama zilikuwa zimepauka hata huwezi kusema zilikuwa rangi gani. Mama akaniambia, "Nenda. Niletee doti nzima, vipande viwili vinavyofanana. Ukija na kimoja, jifunge wewe. Siwapokei wakwe kama mpishi wa kukodiwa."

Nami nilikuwa na hamu yangu. Nilitaka kuona leso ambazo hapajakuwa na mtu aliyezivaa.

Basi nikuambie kilichokuwako. Ukiingia, wakupokea mnuko wa wanga na mavi ya panya. Hakuna meza wala kioo. Leso zimemwagwa sakafuni kama dagaa. Nyingine pindo limepinda, nyingine korosho za mchoro zimegeuka kijani, nikacheka peke yangu. Nikafanya kama wenzangu: unatia mate kidoleni, unasugua, kidole kikiwa chekundu, itupe, hiyo itakupaka mwili mzima. Tena hurudishi. Ukishatoka mlangoni, lako ni lako.

Ubaya wake, doti zilikuwa zimekatwa, vipande vimetawanyika. Nilipata kimoja cha rangi ya zambarau, pindo la manjano, nikasema hiki ndicho cha mama. Nikachimba, nikachimba. Kuinua macho, pacha wake yuko kwapani mwa mwanamke mmoja wa Kisauni, mabega mapana kama mlango.

"Shoga, niachie hicho."

"Nikuachie una nini, mimba?"

"Mama yangu ana harusi."

"Aolewa tena? Mashaallah!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nikaona maneno hayatoshi. Nilikuwa nimekalia kipande kizuri cha buluu, nikamwonyesha ncha tu. Macho yakamtoka. Kumbe pacha wa hicho cha buluu alikuwa naye yeye! Tukabadilishana pale pale, kila mtu kashika cha mwenzake kabla ya kuachia chake.

Mlangoni yule Mhindi akaitazama doti yangu, akatikisa kichwa. "Hii bado jina, mama."

Jina ni yale maandishi ya leso, na bila jina leso ni bubu. Lakini mimi niliyaona maandishi yapo, makubwa, ndani ya kisanduku chake. Chuoni nilifundishwa herufi za Kurani. Za Kizungu zilinipita. Nikajua anababaisha anipandishie bei. "Jina tutalijua huko huko," nikamwambia, nikalipa, nikaenda zangu.

Ijumaa mama alijifunga, akasimama mlangoni kama mnara. Mama wa bwana harusi akaja na watu wake, buibui zinameta. Akamwamkua, akazunguka nyuma yake, akainama kusoma. Alikuwa amesoma kidogo.

"'Jina hapa'," akasema. Akarudia kwa sauti ili wenzake wasikie. "Jina hapa! Ala! Kwa hivyo jina liko kwenu, sisi huko mjini hatuna?"

Ngoma ikanyamaza. Dada yangu yuko ndani, hina haijakauka, na mama mkwe wake ameshatukanwa na leso yetu mlangoni.

Mama naye hakujua kusoma. Hakupepesa jicho. "Ndiyo," akasema, "liko hapa. Mwamchukua mtoto mwenye kwao. Mlidhani mwaja kumwokota?"

Yule bibi akamtazama juu hadi chini. Kisha akacheka, cheko la kweli, akampiga mama begani. "Haya, mwenye jina, tupishe tuingie. Jua lachoma."

Dada akaolewa. Siku chache baadaye, mama mkwe yule yule akatuma salamu: leso ile atafutiwe na yeye. Nikarudi Changamwe kumwuliza Mhindi. Alicheka mpaka akakaa juu ya furushi. Yeye aliandika "jina hapa" kwenye mchoro kuwaonyesha wa kiwandani mahali pa kulitia jina baadaye. Wao wakayachapa maneno yale vivyo hivyo. "Nilikwambia bado jina!" Kisha akaacha kucheka. "Wanawake wanaitaka? Nichape nyingi?"

Nikamwambia ngoja nikaulize.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Leso alikuwa ameianika kwenye kamba. Akaishika pindo, akavitazama vile vidudu vyeusi vya maandishi kama mtu amtazamavyo mgeni aliyekwisha vua viatu akakaa.

"Mwambie asichape," akasema. "Na mkwe mpelekee salamu. Mwambie nyingine hakuna."