Siku Niliyogeuza Jezi ya Mtia Nia

Mpaka leo nikishuka kwenye bodaboda pale Kwamsisi kuna akina mama wanaowaita watoto wao ndani, na kuna mzee mmoja, mtu wa kunizaa mara mbili, ambaye hunipisha njia na kuinamisha kichwa, na mimi naona aibu mpaka masikio yanapata moto, kwa sababu heshima hiyo si yangu na nimeshajaribu kuirudisha ikashindikana. Nawasimulia nyinyi kwa kuwa nyinyi mtacheka tu na kuniacha. Nilirudi kutoka chuo kikuu nikiwa siamini wanasiasa na siamini waganga, halafu ndani ya alasiri moja nikawafanyia kazi wote wawili bure.

Tuanze na mpira wenyewe. Sisi tuliokulia Kwamsisi umri wetu tunaujua kwa chaguzi, kwa sababu mpira wa ngozi ulikuwa unafika kijijini mwaka wa uchaguzi tu. Anashuka mtu kwenye gari, anaahidi maji, anaahidi barabara, anarusha mpira juu, vumbi linatimka, basi. Mpira huo ukishakutana na miiba (na lazima ukutane nayo, miiba yetu haina chama) tunarudi kwenye ule wetu wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za katani, tunacheza kati ya milingoti ya mkonge mpaka uchaguzi mwingine. Hata hivyo ukiniuliza ni lini nilikuwa na furaha, nitakuonyesha uwanja ule. Jumamosi jioni kijiji kizima kilikuwa pale, wazee wamekuja na viti vyao, mabinti wanauza barafu za ukwaju, mihogo inakaangwa nyuma ya goli, na mistari ya uwanja imechorwa kwa majivu yaliyochangwa kila nyumba, kwa hiyo ukianguka karibu na goli unarudi kwenu unanuka jiko la jirani.

Rafiki yangu Sefu alibaki pale. Mimi nilikwenda kusoma, yeye akalima machungwa, na kila mwaka akawa nahodha wa timu inayofungwa kwenye fainali ya kombe la mbuzi na vijana wa Korogwe, wanaokuja kwa lori wakiimba na kuondoka wakiimba, mbuzi wetu akilia nyuma ya lori. Baba yake, Mzee Rajabu, alikuwa kipa enzi zake, na hajawahi kumsifia mwanawe mbele ya watu. Ukimwuliza habari za Sefu uwanjani husema, "Anakimbia. Hata mbuzi anakimbia." Watu wanacheka, Sefu naye anacheka, lakini mimi nimekua naye na nilijua hayamchekeshi.

Sasa mwaka huu, nikiwa nyumbani kwa bibi nasubiri ajira (ajira nayo inanisubiri, hatujaonana), winga wao akaumia mkono na hapakuwa na mtu wa akiba. Sefu akaja kunibembeleza.

"Msomi, njoo ukimbie pembeni tu. Hata usipogusa mpira."

Nikakubali. Mazoezi ya kwanza nikateguka kifundo cha mguu, matunda ya miaka mingi ya kukaa kwenye viti. Bibi akapasha moto majani ya mnyonyo, akayafunga pale kifundoni kwa kipande cha kaniki yake kuukuu, akaniambia nisifungue mpaka mechi iishe. Soksi ikafunika, maumivu yakapoa, nikasahau. Naomba nyinyi msiisahau hiyo kaniki.

Mgeni rasmi wa fainali alikuwa mtia nia wa ubunge. Chama sikitaji, maana hakuna kisicho na watia nia. Aliwaletea vijana jezi seti nzima, za rangi ya chungwa, na mgongoni, mahali pa namba, palikuwa na sura yake mwenyewe akitabasamu kwa meno yote. Tulikuwa tunavalia darasani, nikaishika ile jezi nikaanza hotuba.

"Mtajitesa uwanjani dakika zote, mkishinda atasema ni yeye. Wiki ijayo mtamsikia kwenye spika."

"Vaa jezi," Sefu akasema.

"Jasho lako, jina lake. Huoni?"

"Kaka, fainali ya mwaka jana nilicheza na fulana ya ndani. Vaa jezi."

Nikavaa. Ila niliigeuza, upande wa ndani nikauweka nje, ili ule uso ubaki unatabasamia mgongo wangu peke yake. Nilijiona nimeikomboa nchi.

Mtu yeyote aliyecheza mpira vijijini kwetu, hata mtoto wa darasa la pili, anajua kwamba mchezaji anayeingia uwanjani na jezi iliyogeuzwa ametumwa na mganga. Ni sawa na kuingia kinyumenyume au kuruka uzio wakati njia ipo. Na wageni kutoka Korogwe wakija kwetu Handeni, wilaya inayosifika kwa uchawi, wanakuja wameshaonywa na mama zao wasiokote kitu na wasile kitu. Mimi nilijua yote hayo tangu utotoni. Chuo kilinifundisha kutoyaamini, nikasahau kwamba wenzangu hawakwenda na mimi.

Timu zikapangwa mstari, mtia nia akaanza kupeana mikono. Alipofika kwangu akasimama.

"Kijana, mbona jezi yako imegeuka?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazito kuhusu raia na vya kupewa. Yakatoka haya tu: "Nimeigeuza kwa makusudi, mheshimiwa."

Nahodha wa Korogwe, kijana mrefu kama mlingoti, akaruka kutoka kwenye mstari wao. "Mmesikia? Kwa makusudi! Amekiri mwenyewe!"

"Ni siasa!" nikapaza sauti. "Ni msimamo wa kisiasa!"

"Siasa gani ya kugeuza nguo? Handeni hawa! Nilisema tusije!"

Refa, ambaye ni mwalimu pale shuleni, akaniamuru niigeuze. Nikakataa, nikasema ni haki yangu (mbele ya watu wote wale, jua lile, nikatamka neno haki kwa sababu ya jezi). Sefu akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Geuza. Nakuomba." Nikaivua, nikaigeuza, nikaivaa kama ilivyoshonwa, na mambo yangeishia hapo kama nahodha wa Korogwe asingesema, "Na soksi je? Avue na soksi!"

Mimi, mtu mwenye dhamiri safi, nikapandwa na hasira. "Nikagueni!" nikasema, "nikagueni mpaka mchoke!" Nikainama mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nikaivuta soksi mpaka chini.

Kaniki nyeusi, nguo ya waganga. Majani yananing'inia.

Niliisikia mihogo ikichemka kwenye mafuta nyuma ya goli. Mtia nia akarudi nyuma mpaka akamkanyaga refa. "Ni mnyonyo," nikasema. "Niliteguka. Ni bibi yangu tu ndiye..."

"Bibi yake!" wakapiga kelele wa Korogwe.

Na bibi, kwenye mkeka wake kati ya akina mama, akasimama kwa fahari yote ya uzee. "Ndiyo! Nimemfunga mimi! Kuna ubaya gani?"

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kunisikiliza. Korogwe waligoma, wakaanza kupanda lori, na refa akaona njia ni moja, nitolewe, Kwamsisi wacheze kumi. Wakaongeza sharti: nisiutazame mpira, kwa kuwa macho yangu hayaaminiki. Nikakalishwa kwenye ndoo nyuma ya lori lao, mgongo uwanjani, uso kwenye shamba la mahindi, na mlinzi wangu akawa mama mmoja mnene aliyekuja na timu yao kushangilia.

"Shikamoo, mama," nikaanza. "Mimi ni mhitimu wa..."

"Marahaba, baba. Usigeuke."

"Mpira uko upande gani sasa?"

"Sikuambii. Utauelekeza."

Basi nikatazama mahindi. Nyuma yangu nilisikia kila kitu nilichokikumbuka kwa miaka yote ya mjini: filimbi, vumbi likikohoza watu, wazee wakitukana kwa Kizigua, na sauti ya Sefu ikiita pasi vilevile ilivyokuwa ikiita tukiwa na mpira wa mifuko. Nilitamani nigeuke mara moja tu. Mama wa Korogwe akanipa kipande cha muhogo, akaniwekea mkononi kwa mbali, kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Halafu, karibu na mwisho, kijiji chote kikalipuka.

"Nani kafunga, mama? Nani?"

Akasonya. "Ondoka na mambo yako. Mmepata."

Moja bila. Wachezaji kumi. Sefu ndiye aliyefunga. Na filimbi ya mwisho ilipolia watu walikimbia wakampita Sefu, wakaja nyuma ya lori, wakanibeba mimi juu juu na kaniki yangu ikipepea. Mtia nia akashika kipaza sauti akatangaza kwamba jezi zake zimeleta ushindi, wakampigia makofi ya adabu huku macho yao yako kwangu. Baadaye aliniita nyuma ya gari lake, akatazama kulia na kushoto.

"Kijana, kazi yako nimeiona. Safi sana. Kura za maoni zinakaribia. Wewe unafanya na kazi za watu wazima?"

"Mheshimiwa, mimi sio..."

"Naelewa, naelewa. Sio hapa."

Hilo ningeweza kulicheka. Lililonikata ni Mzee Rajabu, aliyekuja akiburuta kiti chake, Sefu pembeni ameshika kamba ya mbuzi, jezi imelowa, magoti yana majivu. Mzee akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, baba. Nilijua nitakufa sijaiona siku hii."

"Mzee, ni Sefu. Sefu ndiye aliyefunga."

Akamtazama mwanawe, akacheka kwa upole. "Anakimbia huyu. Lakini mpira ulikuwa umeshaelekezwa." Sefu aliinama kurekebisha kamba ya mbuzi, na kamba ile haikuwa na tatizo lolote.

Kesho yake asubuhi nilimfuata shambani kwake kuomba radhi. Nilikuwa nimegeuza jezi ili mtu asimwibie jasho lake, na sasa limeibwa na mnyonyo wa bibi. Alikuwa juu ya mti anachuma machungwa, hakugeuka.

"Uliliona goli?"

Nilitamani kudanganya. "Sikuliona. Niliwekwa nitazame mahindi."

"Basi hakuna aliyeliona," akasema. "Wote waliona dawa."

Akashuka, akachagua chungwa moja, akalitua chini, akanielekeza kati ya michungwa miwili. "Simama pale. Wewe ni kipa wao." Akanionyesha pasi ilikotoka, beki aliyemlamba chenga, mahali alipotaka kupiga kulia akamwona kipa ameshaegemea huko, akasita. Halafu akapiga. Chungwa likapita kando ya goti langu, likapasukia kwenye majani.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Haya. Kamwambie baba."

Nimemwambia, jamani, si mara moja. Mzee Rajabu hunisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa heshima, anasema, "Mganga wa kweli hajisifu."

Kwa hiyo nimeapa. Jezi, kofia, fulana, chochote nitakachopewa na yeyote, nitakivaa kama kilivyoshonwa, na pingamizi langu nitalisema kwa mdomo, soksi zote mbili zikiwa juu. Siku hizi Jumamosi nakaa chini pembeni ya kiti cha Mzee Rajabu, macho uwanjani, ili siku Sefu akipata tena mpira karibu na goli nimshike mzee goti nimwambie: tazama mguu wake, mzee, tazama mguu.