Mkono wa Kulia wa Bibi

Kila ninapopita mtaa wa Mlandege nikasikia harufu ya viazi vinavyochomwa kwenye majivu, mkono wangu wa kushoto hujificha nyuma wenyewe.

Ni Bibi, mama yake baba, aliyeufundisha. Ukipokea kiazi kwa kushoto, anakunyang'anya na kukutazama mpaka uone aibu. Kisha maradhi yakampiga upande mmoja. Maneno yakapotea, mkono wa kulia ukalala. Akiulizwa anataka nini, aliuficha ule mzima wa kushoto chini ya blanketi ambalo baba alilileta kutoka mashamba ya mkonge, akabaki kutikisa kichwa. Watu wakasema hata ishara zimemtoka.

Mama akileta uji, anakataa. Akileta maji, anakataa. Jioni moja mama alisimama mbele yake na kiazi cha moto, akamtazama sana mkwewe.

"Jamani! Kumbe mama anaona haya kutuonyesha kwa kushoto."

Akalifunua blanketi. Akauinua mkono uliolala, akauweka juu ya ule mzima, kama mtu anavyompa mgeni kitu kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Haya mama, sasa tuambie."

Mikono ile miwili ikapanda pamoja. Ikakisukuma kiazi kilichokuwa mkononi mwa mama hadi kifuani kwake, kisha ikashuka kupiga kigoda kilichokuwa kando ya kitanda.

Mama alikuwa hajaketi kula tangu Bibi alipougua. Aliketi, akala huku akilia, na Bibi hakumwondolea macho mpaka kiazi kikaisha.