Donholm hadi Kariobangi Bila Kusimama

Safari hii aliianzisha dada yangu Njeri. Nilipomwambia kwamba nimejifunza baiskeli nikiwa na miaka hamsini na miwili, alicheka mpaka simu ikakatika. Nikaapa kwamba Jumanne nitakunywa chai kwake Kariobangi, nimetoka Donholm kwa baiskeli.

Jambo moja sikumwambia. Kuendesha najua, breki najua, ila kuanza siwezi mpaka mtu anishikie kiti na kunisukuma.

Saa mbili asubuhi, Donholm. Mume wangu alinisukuma hadi kwenye njia ya baiskeli na watembea kwa miguu kando ya barabara ya Outer Ring, akarudi kunywa uji wake. Kengele ilikuwa mbovu, kwa hiyo nilipiga kelele mwenyewe. Mbele, fundi mmoja alikuwa amepanga sofa zake katikati ya njia.

"Mathe, teremka! Unapita sebuleni kwa watu!"

"Basi weka chai, nitakunywa nikirudi!" nikamjibu, nikapenya.

Karibu na soko la Mutindwa, nilimwona Mama Nekesa mbele yangu, kwenye meza yake kando ya njia. Huyu muuza njugu ndiye mama wa msichana anayechumbiwa na mwanangu. Jumamosi tulikuwa twende kwao kujitambulisha. Aliponiona alisimama, akapangusa mkono kwa leso, akaunyoosha. Mkwe hapitwi hivihivi. Lakini nikisimama, nani angenisukuma? Yeye?

"Mkwe, habari za asubuhi! Wa nyumbani hawajambo?" nilipaza sauti, nikapita. Mkono wake ulibaki hewani. Niliona aibu kweli, na bado miguu ikaendelea kukanyaga.

Saa tatu kasorobo, Kariobangi. Chai ya Njeri haijapoa, mwanangu akapiga simu.

"Mum, umemfanyia nini mamake Nekesa? Anasema umempita kama hamjuani. Eti Jumamosi tusijisumbue."

Niliogopa. Kijana wangu amempenda msichana huyo miaka mitatu, nami nilikuwa namharibia kwa majivuno yangu. Njeri alinisukuma huku akicheka, nikarudi mbio.

Mutindwa tena. Mama Nekesa alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kifuani. Nikafunga breki, nikashuka, nikampa mikono yote miwili.

"Sasa ndio umeniona?"

"Nilikuona, mkwe. Nikisimama siwezi kuanza tena mpaka nisukumwe. Niliona haya kukuomba."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akacheka mpaka akashikilia meza ya njugu. Kisha akajifunga leso kiunoni na kushika kiti.

"Panda. Na Jumamosi mje mapema, kuna kuku."

Alinisukuma kwa nguvu za mtu ambaye hasira haijamwisha yote. Nilijifunza kwamba haya ya kuomba msaada hupita upesi kuliko ya kumpita mkwe. Nyuma yangu akaita, "Kwaheri, mkwe!" nikajua ananipungia mkono. Mimi sikumpungia. Kuachilia usukani bado sijafundishwa.