Ukurasa wa Mwisho Alioubadilisha Shangazi

Harufu ya kahawa iliyoanikwa uani bado hunitia baridi, na nyie mnaoipenda mnisamehe. Hunirudisha Kanazi, kijijini kwa Bibi, kwenye mkeka ambapo mimi, Bibi na Shangazi tulichambua buni alasiri nzima. Bibi alikuwa haoni tena, lakini vidole vyake viliitambua buni mbovu upesi kuliko macho yangu. Shangazi, binti yake wa mwisho, alisoma kwa wamisionari. Aliazima huko riwaya za Kiingereza na kutusomea, akizigeuza papo hapo kuwa Kihaya.

Nilijua riwaya hizo zinavyoisha. Mvua inanyesha kurasa mia tatu, watu wanateseka kwa ajili ya barua iliyopotea, halafu mwishoni yule aliyedhaniwa amekufa anabisha hodi na harusi inafungwa. Hapo Bibi hupiga makofi. Mwanawe, baba yangu mdogo, alikuwa vitani Burma. Kila Jumamosi Bibi alitutuma nyasi mpya za kutandika sebuleni, mwanawe asije akakuta nyasi kavu kama za nyumba ya wavivu.

Nilikuwa ndio kwanza nimeanza Kiingereza shuleni, na kimbelembele nilikuwa nacho cha kugawa. Siku moja nahodha aliyepotea baharini alirudi, akaoa, Bibi akainua mikono apige makofi. Mimi nikachungulia begani kwa Shangazi.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Hapa imeandikwa walimzika!"

Shangazi akafunga kitabu. Mikono ya Bibi ikashuka taratibu.

"Mwanangu," alimwambia Shangazi, "ile barua ya serikali iliyokuja wakati wa mvua, ukanisomea kwamba kaka yako ni mzima. Nayo uliisoma hivi hivi?"

"Nisamehe, Mama," Shangazi alisema, kisha akalia mbele yetu bila kujifunika uso.

Jumamosi ile hatukutumwa nyasi.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo linaloniandama. Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ni kumwita Shangazi mwongo. Ukubwani nilizitafuta riwaya zile alizotusomea baada ya mvua, nikazisoma mwenyewe. Ni mbili tu zilizoisha kwa harusi. Miezi yote ile Shangazi alikuwa akimrudisha kaka yake nyumbani ili mama yake apige makofi, kisha anakwenda kumlilia peke yake migombani. Mimi nilijua kusoma maneno matatu tu, nikayasoma kwa sauti.