Mtalaka Aliyeachiwa Neno la Mwisho

Msumari, fundi wa makochi, alipomwomba mtalaka wake awe msemaji wake hospitalini, Mama Sare alidhani anataniwa. Alikuwa anapiga pindo la sketi ya shule, akasimamisha cherehani.

"Una kaka, tuna binti mtu mzima, halafu unanifuata mimi?"

"Kaka atalia. Binti atazimia. Wewe hukulia hata siku tulipoachana."

"Nililia. Hukuwepo tu."

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Uvimbe wa kichwani mwa Msumari ulikuwa umerudi. Walipompasua mara ya kwanza alijifunza upya hata kushika nyundo, na hakutaka kuyarudia.

"Nikifika pa kutojitambua, wasinifungue tena. Waniondolee maumivu, basi."

Wakaenda kwa wakili, wakatia saini. Mama Sare akarudi kwenye sketi zake, moyo mzito.

Haukupita muda, Msumari akaanguka karakanani, kochi la mteja likiwa nusu uchi. Hospitalini, daktari aliwaambia kwamba upasuaji ungemwongezea miezi kadhaa, lakini asingesema wala kutembea tena. Akauliza nani anaamua.

"Mimi ndiye mkubwa wake," kaka yake akasema.

"Ameniachia mimi, shemeji." Mama Sare akaitoa karatasi ya wakili. "Alisema asipasuliwe."

"Wewe uliyemwacha? Leo unataka kummaliza kabisa?"

Binti akamshika mzee mkono. "Baba mkubwa, hata mimi aliniambia. Nilijitia sisikii."

Mzee akageukia ukuta. Daktari akasubiri. Mama Sare alitamani mtu mwingine aseme, yeyote yule, hata mfagizi aliyekuwa akipita na ndoo yake.

"Msimpasue," akarudia.

Akakaa naye mpaka alipokata roho, mchana mmoja, kimyakimya, feni ikizunguka juu yao. Lakini asubuhi ya siku hiyo hiyo, alipokuwa anamlowesha midomo kwa pamba, vidole vya Msumari vilimbana mkono kwa nguvu hata akashtuka. Muuguzi alisema ni misuli tu. Huenda. Huenda alikuwa anashukuru. Au alikuwa amebadili mawazo na hana ulimi wa kusema.

Shemeji mpaka leo akimwona huvuka barabara. Hilo Mama Sare analimudu. Lile la vidole hajamwambia hata binti yake, na kila akijiandaa kumwambia, hujikuta anamwuliza kama ameshakula.