Mutoto Asiyeruhusiwa Kukimbia

Mimi na mume wangu ni ndugu: baba yangu na mama yake ni wa tumbo moja. Wazee wetu hapa Rumonge walitaka damu isitoke nje, nasi tukakubali, tena kwa furaha, maana nilimpenda tangu utotoni. Binti yetu wa mwisho akazaliwa kiziwi. "Mutoto ni wa Mungu," akasema shangazi, ambaye ndiye mama mkwe wangu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipofika miaka mitano akaanza kuanguka. Anakimbia, anacheka, mara puu! yuko chini, macho yamegeuka. Majirani wakasema kifafa, wengine wakasema mashetani ya ziwani. Nikachoma ubani mpaka nikakohoa mwenyewe. Mwishowe dokita mmoja wa Bujumbura akampima moyo, kisha akatuuliza kama sisi ni ndugu. Tukatazama chini. Akasema masikio na moyo vina kasoro moja, na kila mmoja wetu amempa nusu yake. Akikimbia au akishtuka, mapigo yanavurugika, na siku moja huenda yasirudi. Kifaa cha kupandikiza kifuani, cha kuurudisha moyo ukivurugika, hakikuwepo nchini. Kulikuwa na vidonge, asubuhi na jioni, na asikimbie.

Asikimbie! Kamwambie hivyo mtoto wa miaka saba anayeishi hatua chache kutoka ziwani. Nilimkalisha barazani, akaninunia wiki nzima. Halafu vidonge vikakosekana farumasi zote. "Esansi ya kutia kwenye magari haiko, mama, dawa itafika namna gani?" muuzaji akaniambia huku akicheka. Nilitamani kumzaba kofi.

Siku ya nne bila dawa, asubuhi, nilikuwa naanika visamaki vya ndagala mchangani. Nikainua kichwa, nikamwona ametoroka, anafukuzana na wenzake kule mbali. Nikapiga yowe kwa nguvu zangu zote. Ufukwe mzima uligeuka, isipokuwa yeye. Mwenzake akamgusa bega, akamwonyesha nilipo. Akasimama. Alikuwa ameshasimama, ee Mungu wangu, angebaki vilevile! Kwa woga nikainua mikono yote miwili, nikaipungapunga: tulia, kaa hapohapo. Lakini sisi nyumbani tulimwita hivyohivyo siku zote, kwa kumpungia mikono. Maana nyingine hakuijua, na mimi sikuwahi kumfundisha. Akatabasamu, akaona nimemsamehe, akaja kwangu mbio.

Hakunifikia.